Jua Kimo cha Dole Gumba

Novemba 10, 1973

Daftari hili nimepewa na mwalimu wa shule, ambako nafagia darasa kila asubuhi. Alidhani nitaandika orodha ya sabuni na mifagio. Mimi nitaandika jua, kwa sababu linaondoka na mimi naogopa.

Nilizaliwa Kimmirut, mbali kusini, ambako wakati wa baridi jua huja kidogo lakini huja. Tulihamia kisiwa hiki cha kaskazini mwaka jana, mume wangu Joanasi, binti yetu Aviaq na mimi, ili kumtunza mama yake Joanasi. Giza la mwaka jana lilinikuta sijui kitu, likanipiga nikalala kitandani nimegeukia ukuta. Mwaka huu nataka kulingoja nikiwa nimesimama.

Dirisha la jikoni linatazama kusini, kwenye bahari iliyoganda. Saa sita mchana jua linaingia na kupiga ukuta wa nyuma ya jiko, nami nachora mstari wa penseli kwenye ukingo wa juu wa mwanga na kuandika tarehe. Kadiri jua linavyoshuka angani, ndivyo mwanga unavyopanda ukutani. Mwezi uliopita ulikuwa kiunoni kwangu. Leo uko kidevuni.

Mama mkwe, Saumik, macho yake yana ukungu lakini masikio anayo. Akasikia penseli.

"Unachora nini huko, mwanangu?"

"Jua, mama."

"Limekukosea nini?"

Nikamwambia nataka kujua linakwendaje. Akacheka, meno yake manne yakaonekana. "Jua lina ngazi moja tu. Linapandia vidato vilevile lilivyoshukia. Usihangaike kulichora, wewe shona viatu vya mumeo."

Novemba 14

Mstari uko puani kwangu. Upepo.

Novemba 20

Mwanga wa leo haukukaa ukutani hata kwa muda wa chai kuchemka. Mbwa wa Joanasi, wanaovuta sleji, gari lake la kuteleza barafuni, wanalia sana. Wote tisa wana afya.

Novemba 29

Jua lilichomoa ukingo tu juu ya barafu, mwekundu, likazama. Nimechora mstari wa mwisho, juu ya nyusi zangu. Aviaq aliaga kwa mkono kama vile anaaga ndege ya posta. Mimi niliingia ndani haraka ili nisilie mbele yake.

Desemba 4

Giza. Hakuna la kuandika.

Desemba 12

Saa sita mchana kuna rangi ya buluu upande wa kusini, basi. Nikienda shuleni natembea nimeshika kamba ya kuanikia nguo mpaka mwisho wake, kisha nakimbia. Najua hakuna kitu gizani ila theluji na mbwa. Miguu yangu ndiyo haijui.

Nyumbani kuna taa ya umeme, lakini Saumik bado ana taa yake ya jiwe, ya mafuta ya sili, mnyama wa baharini, moja kati ya tatu zilizobaki kisiwani. Hukaa mbele yake akisukuma utambi kwa kijiti, na Aviaq hulala mapajani pake. Aviaq alipewa jina la marehemu mama yake Saumik, kwa hiyo bibi mtu humwita mjukuu "Mama", na mtoto naye anajibu kwa madaha. Leo nilimsikia akisema, "Mama, nipe ruhusa nikajisaidie," na Aviaq, miaka minne, akamjibu, "Nenda, lakini usikawie."

Nilimuuliza Joanasi lini atavuka kwenda bara kuwinda kulungu, maana kisanduku cha nyama barazani kinaanza kuonyesha ubao wa chini. Akanionyesha kanuni yao. Alivaa glavu yake ya ngozi ya sili, akanyoosha mkono mbele mpaka kiwiko kikakaza, akaulaza ubavu, dole gumba juu.

"Jua likirudi, saa sita mchana unafanya hivi. Unalilaza dole gumba juu ya mstari wa barafu, pale inapokutana na anga. Jua likikaa juu ya dole gumba lote, hapo mkondo unavukika."

"Na likiwa chini yake?"

"Unakaa nyumbani unamsaidia mkeo kushona."

Mkondo uko kati yetu na bara. Maji yake hayalali, na barafu yake leo nene, kesho ngozi tu. Ile nyembamba ni nyeusi, ile nzima ni nyeupe, na tofauti hiyo inataka mwanga wa kutosha tangu mtu anapoingia mpaka anapotoka. Baba yake Joanasi aliingia na mwanga akatoka bila mwanga, yaani hakutoka. Joanasi hakunieleza hilo. Nilielezwa na Saumik, mchana mmoja, bila kuacha kusukuma utambi.

Desemba 13

Nimeshona viatu. Nimejichoma mara mbili.

Desemba 21

Mwalimu aliweka chungwa mbele ya taa darasani, akachoma kalamu katikati yake, akaliinamisha. Akasema dunia imeinama hivyo, na leo sisi tumeinama mbali na taa kupita siku zote, kuanzia kesho tunaanza kurudi. Kwenye kalenda yake ametia duara tarehe kumi na nne Januari: siku ya jua.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia Saumik.

"Na chungwa?"

"Watoto walilila, mama."

"Basi tunangoja nini? Dunia imekwisha liwa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu Novemba sikuwa nimecheka hivyo.

Desemba 25

Kanisani tuliimba. Kapik, shemeji yangu, mdogo wake Joanasi, alikula nyama yetu kana kwamba kwake hakuna jiko. Alisema, "Shemeji, watu wa kusini mnapika vizuri kwa sababu mnaogopa kula mbichi." Kisanduku kimebaki na sili mmoja na nusu.

Januari 7

Nina furaha, na kitu kingine. Niandike kama ilivyokuwa.

Saa sita kasorobo nilitoka kuchota barafu ya maji ya kunywa. Baridi ya leo ni ile kavu isiyo na upepo hata kidogo, moshi wa nyumba zote umesimama wima. Nikainua macho kusini nikaona moto juu ya bahari. Nilidondosha shoka. Jua! Nikapiga kelele, "Jua! Jua limerudi!" nikapiga na ndoo kwa sepetu. Milango ikafunguka, watu wakaja mbio hadi kwenye kilima kidogo nyuma ya kanisa, wengine na soksi tupu.

Walipofika ulibaki ukingo mwekundu tu, nao ukapotea wakati wanavua glavu. Lakini walisalimu kwa desturi: kofia ya koti nyuma, mikono mitupu juu, na tabasamu la nusu uso. Upande mmoja wa mdomo unacheka kwa sababu jua limerudi, upande wa pili unabaki mzito kwa sababu baridi kali bado iko mbele. Mimi nilisahau, nikacheka kwa uso mzima.

Kapik akanionyesha kwa wengine. "Mtazameni wa kusini, kalitolea jua meno yote! Litamkimbia tena."

Kila mtu alinipiga bega. Anayeliona jua wa kwanza huheshimiwa mwaka mzima. Mimi, mgeni, mwoga! Joanasi alinishika mkono mbele ya watu.

Kisha watoto wakaanza kukimbia nyumba hadi nyumba kuzima taa za jiwe, ziwashwe upya kutoka kwenye moto mmoja. Walipofika kwetu, Saumik alikuwa amesimama mbele ya taa yake na kijiti mkononi.

"Atakayepuliza taa hii nampiga ngumi ya pua."

"Mama, jua limerudi," Joanasi akamwambia.

"Nani kaliona zima?"

Ni mimi tu. Wote wakanigeukia.

"Baridi ya namna hii hutengeneza picha," Saumik akasema. "Jua liko bado chini, hewa inainua sura yake na kuionyesha watu. Niliiona mara mbili nikiwa msichana. Siku saba, siku nane kabla ya jua lenyewe. Picha huja bapa, imekatwakatwa. Mwanangu, niambie. Lilikuwa na umbo gani?"

Sasa niandike hapa, kwa sababu hapa hakuna mtu anayesoma. Halikuwa duara. Lilikuwa pana kama boksi, na mistari mitatu ya giza iliyolala, mfano wa mkate wa sufuria uliokatwa vipande na kusukumwa kando kidogo. Nililiona hivyo tangu mwanzo. Lakini mkono wa Joanasi ulikuwa bado umeshika wangu, na watu walikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa nimelitaka jua hilo siku thelathini na tisa.

Nikasema, "La mviringo, mama."

Saumik alisogea karibu zaidi na taa. Hakuruhusu izimwe. Kapik akanong'ona kwamba bibi kizee haoni hata uji wake, ataonaje jua alilolikosa. Watu wakacheka kwa adabu, wakaondoka.

Januari 8

Mawingu.

Januari 9

Mawingu na theluji. Joanasi ameanza kuhesabu. Mawingu yakiziba, kanuni ni hii: tangu jua lionekane mara ya kwanza, siku kumi na sita mpaka dole gumba.

Januari 11

Mawingu.

Januari 14

Mwalimu alisimama dirishani saa sita kamili, na nje ni pamba tupu. Joanasi alikuwa amekuja kunisaidia kubeba ndoo. Akamtania, "Mwalimu, karatasi yako imechelewa wiki nzima. Sisi tumeshalisalimu."

Mwalimu akasema hesabu haichelewi.

"Hesabu haina macho," Joanasi akasema, na akanitazama kwa fahari. Nikainama kusugua sakafu mahali palipokwisha kuwa safi.

Januari 17

Mawingu. Nimeota mkate wa sufuria.

Januari 20

Mawingu. Sili amekwisha. Tumechemsha mifupa mara ya pili. Saumik amempa Aviaq fungu lake, akasema, "Mama yangu ale kwanza, mimi nilishakula mwaka jana."

Januari 22

Kesho ni siku ya kumi na sita. Kapik alikuja jioni, akakaa chini na kamba za mbwa, yeye na Joanasi wakaanza kuzikagua bila kusema wanakwenda wapi, maana mwindaji hatangazi.

Saumik akasema, "Pima kwanza."

"Nipime nini, mama? Mawingu?" Joanasi akauliza.

"Basi ngoja yaondoke."

Kapik akacheka. "Tukingoja yaondoke tutakula mikanda. Mama, siku ni kumi na sita. Umetufundisha wewe."

"Kumi na sita tangu jua. Si tangu picha."

Joanasi akaweka kamba chini taratibu. Si mtu wa kumjibu mama yake vibaya. "Mama, mke wangu Leetia aliliona. Ana macho mawili mazima."

Saumik akanigeuzia uso wake wenye ukungu. "Uliniambia la mviringo."

Aviaq alikuwa analamba mfupa usio na kitu. Kisanduku barazani kilikuwa wazi, upepo unakipigapiga kifuniko. Nilifikiri: labda nilikosea, labda mistari ile ilikuwa moshi wa nyumba ya mwalimu. Nilifikiri: nikisema sasa, nitakuwa mwongo mbele ya kisiwa kizima, na mtoto wetu ana njaa, na labda mkondo ni salama vyovyote.

"Ndiyo, mama."

"Haya," Saumik akasema. "Nendeni na glavu za akiba."

Januari 23

Wameondoka na mbwa tisa. Watarudi baada ya siku nne, tarehe ishirini na saba. Nimemfunga Joanasi kamba ya kofia mimi mwenyewe. Vidole vyangu vilikuwa vizito, akasema, "Mbona unanifunga kama mzigo?"

Januari 24

Mawingu.

Januari 25

Mawingu. Sikulala.

Januari 26

Mke wa Kapik ameleta samaki mmoja. Tumegawana.

Januari 27

Hawajarudi. Nimesimama ufukweni mpaka kope zikashikana kwa barafu. Saumik ametia mafuta mengi kwenye taa kuliko kawaida.

Januari 28

Mungu wangu.

Mawingu yamefunguka leo saa tano. Saa sita jua liliingia dirishani, jua kweli, la manjano, mviringo kama sahani, likapiga ukuta wa nyuma ya jiko. Nilikuwa nimeshika kikombe. Ukingo wa mwanga ulikaa juu ya mstari wangu mmoja, sawasawa, kama vile nimeuchora leo. Nikasoma tarehe: Novemba 14.

Nilisimama pale mpaka nikaelewa, na kuelewa kulikuja polepole, kuanzia miguuni. Jua lina ngazi moja tu. Tarehe kumi na nne Novemba zilikuwa zimebaki siku kumi na tano lizame. Kama leo limefika kidato hichohicho, basi lilirudi siku kumi na tano zilizopita. Tarehe kumi na tatu Januari, au kumi na nne, kama alivyosema mwalimu na chungwa lake. Si tarehe saba.

Nikachukua glavu, nikatoka, nikanyoosha mkono. Nikalaza dole gumba kwenye mstari wa barafu. Jua halikufika juu yake. Leo halijafika! Na wao waliondoka siku tano zilizopita, likiwa chini zaidi ya hapo.

Nilirudi ndani nikapiga magoti mbele ya Saumik. Maneno yalitoka bila mpangilio.

"Mama, halikuwa mviringo. Lilikuwa bapa, na mistari mitatu. Nilikudanganya. Mara mbili. Nimewaua wanao."

Kijiti chake kiliendelea kusukuma utambi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nilingoja anipige. Ningefurahi kupigwa.

"Mara ya kwanza ulinyamaza kabla ya kujibu," akasema. "Mtu aliyeona duara hanyamazi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuwazuia?"

Akaweka kijiti chini. Kisha sauti yake ikawa ndogo sana. "Kwa sababu mtoto alikuwa analamba mfupa, na mimi pia nilitaka liwe la mviringo. Nilikuuliza tena mbele ya watu ili jibu liwe lako, lisiwe langu. Mimi ni mkubwa kwako, na nilikufanyia hivyo."

Tulikaa. Sikujua kama nimchukie au nimshike. Nilimshika. Alikuwa mwepesi, mifupa mitupu ndani ya sweta. Halafu akanisukuma.

"Nenda kwa wanaume. Waambie ukweli wote, umbo na mistari. Wajue waliingia mkondoni na mwanga kiasi gani, ndipo watajua pa kutafuta."

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Niliwaambia wote. Hakuna aliyenitukana. Walivaa tu makoti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Januari 29

Asubuhi mbwa watatu wamerudi peke yao, na vipande vya kamba shingoni. Watu walivitazama. Saumik akaomba apewe, akapitisha ncha ya kamba mdomoni, akaigusa kwa ulimi.

"Haikukatika. Imekatwa kwa kisu. Kuna mtu alikuwa na mkono na akili."

Saa sita akaniambia, "Leo tunazima." Aviaq akapuliza taa ya jiwe, mashavu yamejaa. Tukawasha utambi mpya. Kisha tukatoka watatu, vichwa wazi, mikono mitupu. Ambaye hayupo, watu wake humwinulia glavu yake ili jua liione. Nilishika glavu kuukuu ya kulia ya Joanasi, imechakaa doleni kwa kupima miaka mingi. Niliiinua mpaka bega likaniuma. Sikuweza kucheka hata kwa upande mmoja.

Januari 30

Wamemleta Kapik. Alikuwa upande wetu wa mkondo, anatambaa. Miguu yake ni myeupe kama mafuta. Muuguzi anaiweka kwenye maji ya uvuguvugu na Kapik anapiga kelele.

Nilikaa karibu naye. Alisema kwenda walivuka salama, kwa bahati. Wakapata kulungu wawili. Kurudi, tarehe ishirini na saba, waliingia mkondoni na shehena.

"Tulitegemea mwanga utakaodumu saa tano, shemeji. Tukapata wa saa mbili na kitu. Katikati, kila kitu kikawa kijivu. Nyeusi, nyeupe, yote kijivu. Mbwa wa mbele wakazama. Kaka akavua glavu akate kamba, akakata, mbwa watatu wakatoka. Halafu barafu ikapasuka kati yetu. Akaniambia, 'Nenda, usinitazame.' Nilimsikia akiimba kwanza. Baadaye sikumsikia."

"Ikaelekea wapi?"

"Magharibi."

Nilimwambia kuhusu mistari mitatu. Nilidhani atanitemea mate. Alitazama miguu yake, akasema, "Nilikucheka kuhusu meno." Kisha akalia, na mimi nikalia, na muuguzi akatufukuzia machozi kwa kutupatia chai.

Januari 31

Wametafuta magharibi. Hakuna.

Februari 1

Hakuna. Mtu mmoja kanisani alianza kusema "marehemu", mwingine akamkanyaga mguu.

Februari 2

Upepo. Hawakutoka. Naogopa kulala, naogopa kuamka, naogopa hasa saa sita mchana, wakati ninapojua hasa jua liko wapi na sijui yeye yuko wapi.

Februari 3

Saa sita nilitoka kupima. Sijui kwa nini, hakuna wa kumpimia. Nilivaa glavu yake kuukuu, nikanyoosha mkono kwenye mstari wa barafu. Na jua lilikaa juu ya dole gumba, lote, bila kubaki kitu chini. Nilichukia kuona hivyo. Siku kama hizi ndizo angetakiwa kuondoka.

Nilipokuwa nashusha mkono niliona chini ya dole, upande wa magharibi, doa jeusi kwenye barafu. Nikasema ni sili amelala. Doa likasogea. Nikasema ni mbwa. Nilikuwa nimeshaita jua la uongo mbele ya watu, na sauti ilikataa kutoka. Nikafumba macho nikahesabu hadi kumi na sita, nikafumbua. Doa lilikuwa na miguu miwili.

Hata hapo sikupiga kelele. Nilikwenda taratibu kwa Saumik, nikamwambia, "Mama, kuna kitu kinatembea magharibi. Kina miguu miwili. Kinayumba. Sioni uso."

"Kinayumba upande gani?"

"Kulia."

"Basi piga ndoo," akasema, na mikono yake ilikuwa inatafuta ukuta. "Piga ndoo, mwanangu! Tangu utotoni anatembea hivyo."

Februari 4

Yuko hai. Kipande chake cha barafu kilizunguka siku mbili, kikakwama kwenye rasi upande wa magharibi. Kati yake na barafu nzima kulikuwa na ukanda, na hakujua wapi ni ngozi na wapi ni barafu. Alijenga kibanda cha theluji, akakaa, akila nyama mbichi ya kulungu iliyobaki kwenye ubavu wa sleji. Kila saa sita alitoka akanyoosha mkono wa kushoto, akapima, akarudi ndani. Jana kabla ya saa sita, jua likipanda kuelekea juu ya dole gumba, aliona njia nyeupe, akaifuata.

Mkono wa kulia, aliokatia kamba bila glavu, muuguzi ameufunga hataki nione. Ndege inakuja kesho kumchukua yeye na Kapik.

Februari 5

Ndege imeondoka. Sikumwambia. Alikuwa na homa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Februari 19

Barua imesomwa redioni: Kapik amepoteza vidole vitatu vya mguu. Joanasi dole gumba la kulia. Watarudi mwezi ujao.

Machi 9

Wamerudi. Kapik anachechemea na tayari anamtania rubani. Joanasi amekonda. Aviaq aliushika mkono wake wa kulia, akauchunguza pande zote, akamuuliza limekwenda wapi. Akasema, "Limebaki linapima jua huko."

Walipolala Saumik na mtoto nilimwambia yote. Umbo, mistari, mara ya kwanza na ya pili. Nilimwambia na habari ya mfupa, kisha nikajuta, kwa sababu ilisikika kama kisingizio. Akageukia ukuta.

Machi 10

Hajasema neno. Anakula, anawalisha mbwa watatu. Naogopa kuliko nilipokuwa natembea na kamba ya nguo.

Machi 11

Hajasema.

Machi 12

Leo saa sita kasoro aliingia, akachukua glavu yake kuukuu ya kulia kwenye msumari. Dole lake lilining'inia tupu. Akanipa.

"Twende nje."

Nilimfuata mpaka kwenye kilima nyuma ya kanisa. Anga safi, theluji inachoma macho. Kisanduku cha nyama ni kitupu tena, na jua likifika kimo cha glavu mbili watu huenda ziwani kwa samaki. Kapik na wengine wameshafunga mizigo, wanatungoja sisi.

"Nipimie," akasema.

"Una mkono wa kushoto mzima."

"Najua. Nipimie wewe."

Nilivaa glavu. Nikanyoosha mkono mpaka kiwiko kikakaza, nikapima ya kwanza, nikahama juu yake, nikapima ya pili. Chini kwenye barafu mbwa walikuwa wameshafungwa, wanalia kutaka kwenda. Aviaq alikuwa amekaa juu ya mzigo wa Kapik, amevaa tayari. Nilitamani sana kusema neno moja: limefika.

"Vipi?" akauliza. Hakulitazama jua hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi.

"Bado," nikasema. "Linapungua upana wa kidole."

"Una hakika?"

"La mviringo, safi, na linapungua upana wa kidole."

Akavuta kofia ya koti lake nyuma, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akawageukia walioko chini akawapigia kelele wafungue mbwa, mke wake amesema bado.